Hesabu ya Nishati ya Taifa: Nani Amehesabiwa?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida msemo huu huambiwa wenye maduka, lakini unazihusu serikali pia. Kuni, mkaa, maji ya mito, jua, petroli na dizeli, yote hayo ni mali. Nchi isiyojua inatumia kiasi gani, nani anatumia na kwa kazi gani, haiwezi kupanga maendeleo yake.

Siku hizi daftari hilo huandikwa kwa kompyuta, na wataalamu huliita modeli ya nishati. Modeli ndiyo inayowaongoza wakubwa kuamua bwawa lipi lijengwe, boila za viwandani zichome nini, mkaa uzuiwe wapi, na bei ya umeme iwe kiasi gani. Tena, kwa kuwa mataifa yamekubaliana kupunguza gesi ya kaboni inayoipasha dunia joto, modeli hizo ndizo zinazotumiwa kuonyesha kila nchi itapunguza vipi na kwa muda gani. Mambo haya yanagusa ajira, mshahara na chungu cha jioni cha kila mfanyakazi. Kwa hiyo si haki tuwaachie wataalamu peke yao kwa sababu tu yameandikwa kwa tarakimu.

Katika makala haya tutaeleza modeli ni nini, inafanya kazi vipi, na mahali gani inaweza kukosea. Mifano yetu mingi itatoka Malawi: Lilongwe, makao makuu ya serikali, ambako mipango ya taifa huandikwa, na Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, penye kambi ya wakimbizi ambako Kiswahili husikika kila kichochoro.

MODELI NI NINI?

Ndugu msomaji, kila tawi la chama linalojiandaa kudai nyongeza ya mshahara hufanya hesabu. Huandika bei ya unga, kodi ya nyumba, nauli, karo na sabuni; hujumlisha; kisha husema: familia ya watu watano haiwezi kuishi kwa chini ya kiasi hiki. Hiyo tayari ni modeli. Si familia yenyewe, bali ni picha ya familia kwa tarakimu. Faida yake ni kwamba tunaweza kuuliza, "Unga ukipanda kwa robo, itakuwaje?" tukapata jibu kabla njaa haijaingia nyumbani.

Modeli ya nishati ya taifa ni vivyo hivyo, ila ni kubwa zaidi. Ndani yake huingizwa mambo manne. Kwanza, mahitaji: nyumba ngapi zinapika, viwanda vingapi vinaendesha mashine, magari mangapi yanatembea, leo na miaka 20 au 30 ijayo. Pili, njia za kupata nishati: mabwawa, mitambo ya jua, jenereta za dizeli, misitu ya kuni, na nyaya za kununua umeme kwa jirani. Tatu, gharama za kila njia, pamoja na riba ya mikopo. Nne, masharti: kwamba mto hautoi maji kuliko yaliyomo, kwamba usiku hakuna jua, na kwamba gesi ya kaboni isizidi kiasi fulani ifikapo mwaka fulani.

Baada ya hapo kompyuta hutafuta mchanganyiko wenye gharama ndogo kuliko yote, unaotimiza mahitaji bila kuvunja masharti. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi. Mara mvua ni nyingi, mara ni chache. Mara dizeli ni ghali, mara ni rahisi. Kwa hiyo modeli haipigi ramli. Haisemi, "Litatokea hili." Husema, "Ikiwa mtafanya hivi, na mambo yakawa hivi, basi tazamieni hili."

Tuchukue mfano mmoja wa namna jibu linavyoweza kugeuka. Mtambo wa jua hulipiwa karibu wote siku ya kuununua, na baada ya hapo jua ni la bure. Jenereta ya dizeli ni rahisi kununua, lakini hula pesa kila siku. Ukiingiza katika hesabu mkopo wa riba ya asilimia 20, jua litaonekana ghali na dizeli itaelekea kuwa nafuu. Ukiingiza riba ya asilimia 5, jua litapata nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Jua ni lile lile, na dizeli ni ile ile. Kilichobadilika ni neno la mwenye benki. Anayetaka kujua kwa nini nchi maskini huonekana "haiwezi" kuacha dizeli, aanze kwa kutazama riba.

HESABU HIZI ZILIANZIA WAPI?

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafula. Nchi tajiri zilishtuka, na katika miaka iliyofuata wataalamu wao wakatengeneza modeli kubwa za kupanga nishati. Lakini isidhaniwe kwamba fani hii ni ya Ulaya na Marekani tu. Programu ya kompyuta iitwayo LEAP, inayotumiwa leo katika nchi nyingi duniani na kutunzwa na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, ilitengenezwa kwanza mwaka 1980 kwa ajili ya mradi wa kuni nchini Kenya, uliosimamiwa na Taasisi ya Beijer ya Uswidi. Kuni za Kenya ndizo zilizoizaa.

Historia hiyo ina somo. Hesabu za wakati ule zilijumlisha kuni zinazochomwa, zikalinganisha na miti inayoota, zikaonya kwamba pengo kubwa linakuja. Onyo lilikuwa la haki. Lakini miaka ya 1980 mradi wa miti ya kuni uliofanya kazi Kakamega, magharibi ya Kenya, ulikuta mambo yasiyokuwemo katika jumla ile. Mashamba yalikuwa na miti mingi, na bado wanawake walihangaika kutafuta kuni. Sababu ilikuwa kwamba kwa desturi mti ulikuwa mali ya mwanamume, na mwanamke hakuruhusiwa kuupanda wala kuukata. Tarakimu ya miti ilikuwa sahihi, na mama hakuwa na kuni. Jumla peke yake haituambii nani amepata na nani amekosa.

MALAWI INA KAZI YA NAMNA YAKE

Katika nchi zenye viwanda vingi, kupunguza kaboni maana yake kubwa ni kufunga vituo vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe. Malawi haiko hivyo. Kituo cha makaa ya mawe cha megawati 300 kilichopangwa Kammwamba, wilaya ya Neno, hakikujengwa. Umeme mwingi wa nchi hutoka katika maji ya mto Shire, kwenye vituo vya Nkula, Tedzani na Kapichira. Mmalawi mmoja hutoa gesi ya kaboni kidogo mno ukimlinganisha na mtu wa Ulaya au Marekani.

Basi moshi wa Malawi uko wapi? Uko misituni na jikoni. Zaidi ya kaya tisa katika kila kumi hupikia kuni au mkaa. Wakati wa sensa ya 2018, kaya zilizokuwa na umeme wa gridi zilikuwa kama moja tu katika kumi. Kwa hiyo Malawi ina kazi mbili kwa pamoja: kuongeza umeme mwingi bila kuongeza moshi, na kuipunguzia misitu mzigo wa kuni na mkaa bila kuwaacha watu na chungu kibichi.

Mwaka 2021 serikali ya Malawi iliahidi mbele ya mataifa kupunguza gesi hizi kwa asilimia 6 kwa nguvu zake yenyewe ifikapo 2040, na kwa asilimia 45 zaidi ikipata msaada wa nje. Hapa msomaji asimame kidogo aulize: asilimia ya nini? Si ya moshi wa leo. Ni asilimia ya moshi ambao modeli inasema ungekuwapo mwaka 2040 kama hakuna lolote litakalofanywa. Ni kama mwajiri anayejisifu kwamba ameokoa kazi 50, kwa kuwa alikusudia kufukuza watu 100 akafukuza 50. Huenda ni kweli, huenda alikuza ile 100. Hatusemi kwamba serikali imekuza. Tunasema kwamba mtu asiyeijua modeli hawezi kuipima ahadi.

Jambo la pili ni maji. Mto Shire hutoka Ziwa Malawi, na ziwa hupanda na kushuka. Kuanzia 1915 hadi miaka ya 1930 maji yake yaliacha kutoka kuingia Shire kama kawaida. Mwishoni mwa 2017 maji yalipungua tena, umeme ukashuka karibu nusu, na viwanda vikakaa gizani saa nyingi. Kisha Januari 2022 yakaja maji ya kupita kiasi: kimbunga Ana kilivunja bwawa la Kapichira, lenye mitambo ya karibu megawati 130, na nchi ikapoteza kama theluthi moja ya umeme wake hadi kituo kiliporudi kazini mwaka 2023. Modeli inayotumia wastani wa mvua haiyaoni mambo haya. Wastani wa mwaka wa ukame na mwaka wa mafuriko ni mwaka mzuri, lakini mwaka huo mzuri haupo.

Ndiyo sababu mipango ya sasa inachanganya. Mtambo wa jua wa megawati 60 ulianza kazi Salima mwaka 2021, na mwingine wa megawati 20 Golomoti, wilaya ya Dedza, mwaka 2022, ukiwa na betri kubwa za kuhifadhia umeme. Uko pia mpango wa bwawa la Mpatamanga, la megawati zipatazo 350. Mpatamanga lingeongeza umeme mwingi, lakini maji yake ni yale yale ya Shire. Jua na maji, kila kimoja kinaziba udhaifu wa mwenzake.

DZALEKA KATIKA DAFTARI

Sasa twende Dowa. Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi, ikikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Wapo waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao. Katika karatasi ni mahali pa muda, lakini muda huo umepita miaka 30.

Tufanye hesabu ndogo ili msomaji aone modeli inavyokwenda. Tarakimu hizi ni za mfano, si za uchunguzi. Tuseme watu 50,000 ni nyumba 10,000, na kila nyumba inachoma kilo moja na nusu ya mkaa kwa siku. Hizo ni tani 15 kwa siku, karibu tani 5,500 kwa mwaka. Tanuri la udongo hula kilo kama saba za miti kutoa kilo moja ya mkaa. Basi nyuma ya mkaa ule iko miti ya tani zaidi ya 38,000 kila mwaka. Haikatwi ndani ya kambi, kwa maana kambini hakuna msitu. Hukatwa katika vijiji, na wanakijiji na wakimbizi hugombana kwa ajili yake.

Sasa tubadili jiko. Jiko bora linalookoa theluthi moja ya mkaa lingeokoa tani zaidi ya 12,000 za miti kwa mwaka, kwa gharama ndogo. Je, tukipikia umeme? Kwa chakula kile kile kila nyumba ingehitaji kama yuniti 3 kwa siku. Nyumba 10,000 ni yuniti 30,000, na hilo si kubwa. Lakini watu hawapiki kwa zamu: nusu ya upishi ikiangukia saa mbili za jioni, kambi itahitaji megawati 7.5 wakati huo, zaidi ya uwezo wote wa kituo cha maji cha Wovwe cha kaskazini, ambao ni megawati 4.35. Tena ni saa ambazo jua limezama na Lilongwe nzima imewasha taa. Hivyo modeli nzuri haiulizi tu, "Umeme kiasi gani?" Huuliza pia, "Saa ngapi?" Na jibu laweza kuwa jiko bora kwanza, umeme na betri baadaye.

Ziko pia modeli zinazotumia picha za setelaiti. Mwaka 2019 watafiti walichapisha hesabu ya namna hiyo juu ya Malawi, wakitumia programu ya OnSSET iliyotengenezwa Stockholm. Hutazama kila mahali penye makazi na kuuliza lipi ni nafuu: kuvuta waya wa gridi, kujenga mtambo mdogo wa kijiji, au kila nyumba kuwa na paneli yake. Setelaiti huona paa. Haiulizi aliye chini yake ana kibali gani. Lakini mipango huandikwa na watu, nao huuliza. Kambi ikiandikwa kuwa ya muda, yaweza kuwekewa sifuri katika safu ya mahitaji ya mwaka 2040, na mkaa wake ukabaki katika safu ya uharibifu wa misitu. Ndipo mtu anapohesabiwa kama tatizo, asihesabiwe kama mwenye haja.

Watu nao hawakai mahali pamoja. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na kuanzia Mei polisi wakawaondoa wengi, wenye maduka Lilongwe wakiwamo. Msitu wa Dowa ukaongezewa mzigo kwa amri. Hakuna modeli iliyojengwa juu ya tarakimu za mwaka uliotangulia ingeweza kulijua jambo hilo.

Liko kosa moja zaidi, lililo la hatari kuliko yote. Mpimaji akiingia nyumba ya maskini akakuta wanapika mara moja kwa siku, huandika mkaa wa mara moja. Modeli itasema haja ya nyumba hii ni ndogo. Kumbe haja ni kubwa, kilicho kidogo ni pesa. Kwa namna hiyo umaskini wa leo huwa mpango wa kesho.

KIWANDA NA SHAMBA

Wafanyakazi wa mashambani wasidhani haya ni ya kambi tu. Majani ya chai ya Thyolo na Mulanje hukaushwa kwa joto la boila, na kuni ndizo zinazolisha nyingi kati yake. Tumbaku ya kukausha kwa moshi hula kuni pia, kabla ya kufika kwenye viwanda vya Kanengo, Lilongwe. Viwanda vya sukari vya Nchalo na Dwangwa huchoma makapi ya miwa, na tangu 1982 Dwangwa imekuwa ikitoa spiriti ya miwa ya kuchanganywa na petroli, miaka mingi kabla neno kaboni halijasikika mikutanoni.

Modeli ikisema boila za kuni zibadilishwe, iko safu ya mwaka na safu ya gharama. Safu ya mpasua kuni, mpakiaji na mchochezi wa moto mara nyingi haipo. Akiondolewa, hesabu huiita faida, kwa sababu mshahara wake umepungua katika gharama. Hali kadhalika mchoma mkaa: sheria ya misitu iliyorekebishwa mwaka 2020 iliongeza adhabu, lakini adhabu si ajira. Mkataba wa Paris wa 2015 wenyewe, katika utangulizi wake, unataja mabadiliko ya haki kwa wafanyakazi na kazi zenye heshima. Neno hilo liliingia kwa sababu vyama vya wafanyakazi vililidai. Likikaa katika utangulizi bila kuingia katika hesabu, halitamlisha mtu.

MASWALI YA KUULIZA

Wataalamu wakija na vitabu vyao, wajumbe wa vyama wasiogope kompyuta. Wawaulize kwa upole na kwa uthabiti:

1. Ni nani waliohesabiwa katika mahitaji? Vibarua wa msimu, wapangaji wa vyumba vya mashambani na watu wa Dzaleka wamo?

2. Mmepima tunachotumia, au tunachohitaji?

3. Mmetumia riba gani, na ingekuwa nusu yake jibu lingebadilika?

4. Mwaka wa ukame na mwaka wa kimbunga mmeujaribu, au mmetumia wastani?

5. Kila njia inaondoa kazi ngapi, inaleta ngapi, wapi, na nani atalipia mafunzo?

6. Je, tarakimu zenu ziko wazi, ili watu wetu wazikague?

Swali la mwisho lina jibu jepesi. Baadhi ya programu hizi hutolewa bure, na vijana wetu waliosoma hesabu wanaweza kujifunza kuzitumia. Kama chama kinavyoweza kuwa na mhasibu wa kukagua vitabu vya mwajiri wakati wa majadiliano ya mshahara, kinaweza pia kuwa na kijana wa kukagua daftari la nishati.

Modeli ni chombo kizuri. Bila hiyo nchi ingejenga kwa kubahatisha, na maskini ndiye angelipia makosa. Lakini daftari huandika linaloambiwa. Shime, ndugu wafanyakazi, twendeni na tarakimu zetu za jikoni na za kiwandani kabla ukurasa haujafungwa.